Kokoto Mbili za Kipsunde

Mchai hauna siku ya mavuno. Mchumaji wa Kericho akichuma majani mawili na chipukizi lake leo, baada ya wiki moja au mbili atarudi kwenye mstari uleule na kuukuta mti umemwekea mengine. Kiangazi cha Januari hadi Machi hupunguza majani, na mvua ya mawe huyachanachana, lakini kazi haikomi. Hakuna asubuhi ambayo mkulima wa Litein au Mogogosiek anaweza kusimama mwisho wa shamba, akapangusa jasho na kusema: basi, tumevuna, mwaka umekwisha.

Hata hivyo, katika lugha ya watu hao hao mwaka una mwisho, na mwisho huo umebeba jina la mavuno. Kwa hesabu ya miezi inayotumika leo katika Kikalenjin, Novemba ni Kipsuunde taai, yaani Kipsunde ya mbele, na Desemba ni Kipsuunde nebo aeng, Kipsunde ya pili. Kijana anayeyataja majina hayo huyachukua kama tunavyoichukua Jumatano, neno la kuhesabia siku basi. Lakini zamani miezi hiyo ilipewa majina ya sherehe mbili za nafaka mpya, moja ya nyumbani na nyingine ya kilimani. Jinsi sherehe hizo zilivyotoweka na kuacha majina tu ni sehemu ya historia ya nchi ya chai ambayo husimuliwa mara chache.

Kabla ya chai, nafaka ya heshima katika milima hii ilikuwa wimbi, ambalo Watanzania huliita ulezi. Ndilo lililotoa kimnyet, sima nyeusi inayoliwa na maziwa, na ndilo lililotoa pombe ya wazee. Wakipsigis, Wakalenjin wenyeji wa milima hii, walikuwa na ng'ombe, na nyimbo na hadithi zao zimejaa ng'ombe, lakini tumbo la nyumba lilitegemea shamba dogo la mwanamke. Wimbi ni nafaka ya subira. Punje zake ni ndogo kama mchanga, palizi yake huumiza mgongo, na masuke hukatwa kwa mkono moja baada ya jingine. Likishaanikwa vizuri, hukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu. Mwenye wimbi la mwaka jana hakuogopa mvua ya mwaka huu.

Masimulizi kamili zaidi ya sherehe hizo yaliandikwa upande wa Nandi, kwa ndugu wa Wakipsigis wanaosikilizana nao kwa lugha na waliogawana nao miezi, marika na ibada. Mwandishi alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, Alfred Claud Hollis, na kitabu chake kuhusu Wanandi kilitoka Oxford mwaka 1909. Anaeleza kwamba watu walikitazama Kilimia, kundi la nyota ambalo wao huliita Koremerik, na kwa kuonekana au kutoonekana kwake wakajua kama mavuno yatakuwa mema. Kisha anatuingiza shambani.

Wimbi lilipoanza kuiva, mama mwenye shamba alitoka na binti zake. Walichuma masuke machache. Kila mmoja alichukua punje moja akaichomeka katika mkufu wake, akatafuna nyingine na kujipaka kwenye paji la uso, kooni na kifuani. Msomaji wa leo angetarajia vigelegele hapo. Havikuwapo. Hollis anasema wanawake hawakuonyesha furaha yoyote; walikata kikapu kimoja kwa huzuni, wakakibeba nyumbani na kulianika wimbi darini, juu ya moto.

Dari ilikuwa ya fito zilizosukwa, yenye nafasi kati yake. Punje zilipenya, zikaanguka motoni na kupasuka kwa kishindo kidogo, pa, pa, pa, usiku kucha. Hakuna aliyeinuka kuziba nyufa. Mlio ule ulimaanisha kwamba oiik, roho za waliokufa, wanakula sehemu yao. Huenda hapo ndipo panapoeleweka huzuni ya shambani: wa kwanza kuonja mwaka mpya hawakuwa walio hai. Mwenye shamba alirudi nyumbani na kikapu kimoja, na hata hicho alikula na wageni ambao hakuweza kuwaona.

Siku chache baadaye ulipikwa uji wa nafaka mpya, ukaliwa jioni na maziwa. Kila mtu wa nyumba alichovya kidogo na kuupaka ukutani na kwenye paa. Walitia uji kinywani wakautema kuelekea mashariki, linakochomoza jua. Mate katika desturi hizi ni baraka. Mzee anayemtemea mtoto mate mkononi anampa uhai wake. Kisha baba alishika nafaka kiganjani, akamwomba Asis, Mungu ambaye jina lake linakaribiana na la jua, asista, awape afya, nguvu na maziwa. Wote walirudia maneno yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kipsunde ya kwanza: ya nyumba moja, kimya na karibu ya siri.

Ya pili ilikuwa ya watu wote. Mavuno yalipokwisha, kila sehemu ya nchi ilikusanyika juu ya kilima au kwenye uwanda mpana. Vijana wa vita walicheza. Moto mkubwa uliwashwa kwa miti iliyochaguliwa, si kuni za kuokota tu, na karibu nao ukajengwa mlango kama wa zizi la ng'ombe. Wazee walisimama kwenye miimo ya mlango, wakatema maziwa na pombe kuelekea mashariki, wakawabariki waliopita. Mbuzi mwenye mimba alichinjwa. Wanawake, wakiwa wamejipaka mafuta mwilini, waliteremka hadi mto wa karibu, na kila mmoja akaokota kokoto mbili majini. Moja aliitia katika mtungi wake wa maji, ikakaa humo hadi Kipsunde ijayo. Ya pili aliiweka ghalani, ndani ya nafaka.

Kwa Wakipsigis, mahali pa ibada ya pamoja paliitwa kapkoros. Palikuwa mahali pa juu; hapo matawi yaliyoteuliwa yakachomwa, na moshi ukipanda wima watu waliamini maombi yamefika. Katika kila boma palikuwa pia na mabwaita, madhabahu ndogo ya matawi nje ya nyumba, ambapo mambo ya jando, ndoa na uzazi yalibarikiwa. Ian Orchardson, Mwingereza aliyehamia Kericho mwanzoni mwa karne ya 20 na kuoa huko, aliyaandika mengi ya hayo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, baada ya kifo chake. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany alichapisha utafiti wake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939. Naye James Frazer wa Cambridge, ambaye hakuwahi kukanyaga Kericho wala Nandi, aliichukua habari ya punje zinazopasuka kutoka kwa Hollis na kuiingiza katika kitabu chake maarufu kuhusu uchawi na dini. Wasomaji wa London waliijua Kipsunde katika miaka ileile ambayo Kipsunde yenyewe ilianza kukosa mahali pa kuchezewa.

Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, ikipita pembeni mwa nchi ya Wakipsigis kwenye stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Lumbwa lilikuwa jina la kuwaita Wakipsigis ambalo wenyewe hawakulipenda, lakini ndilo wakoloni waliloliandika katika karatasi zao. Mwaka 1905 jeshi la kikoloni lilipelekwa Sotik kuwaadhibu watu kwa sababu ya ng'ombe waliochukuliwa kutoka kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa, na maelfu ya mifugo ikatwaliwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka mmoja ulitosha kuwaonyesha watu wa milima hii kwamba mpangilio wao wa mambo hauna tena mlinzi.

Koitalel alikuwa wa ukoo wa Talai, ukoo wa orgoiik, ambao watu waliwaendea kuuliza habari za vita, mvua na kupanda. Kaka yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa na nafasi kama hiyo kwa Wakipsigis. Mwaka 1914 serikali ilimkamata pamoja na ndugu zake na kumhamishia Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na hakurudi akiwa hai. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai. Karibu watu 700, wanaume, wanawake na watoto, walichukuliwa Kericho na kupelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye joto na mbung'o. Wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Sherehe ya kilimani ilihitaji watu wa kuiitisha na wazee wa kusimama mlangoni. Serikali iliyoogopa mkusanyiko wowote usio wake iliwaondoa waliokuwa na sauti, na waliobaki walijifunza kuomba kimya, nyumbani.

Ardhi nayo ilikwenda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili waishi kwa kulima kitani. Mpango ulianza mwaka 1919. Bei ya kitani ilianguka, mpango ukafa ndani ya miaka michache, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni mbili kubwa za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, ziliikuta nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yenye mvua karibu kila alasiri na udongo mwekundu wenye asidi. Zikapanda chai. Vilima vilivyokuwa na njia za ng'ombe vikafunikwa na zulia la kijani lisilo na njia isipokuwa za wachumaji.

Wengi wa wachumaji wa kwanza hawakuwa Wakipsigis. Kampuni zilileta vibarua kutoka Nyanza na kwingineko, zikawajengea vijiji vya mistari. Wakipsigis wengi waliona ni aibu kubeba kikapu mgongoni kwa mshahara wa mwingine. Walifuga, na wakalima mahindi ya kuwauzia hao vibarua. Hapo ndipo wimbi lilipopata pigo lake. Mahindi yalipandwa kwa haraka, yakasagwa kinuni, yakapata mnunuzi wa karibu. Hayakuhitaji mama kukata suke moja moja. Yalivunwa, yakabebwa kwa magunia, yakauzwa. Dari ya fito iliyoacha punje zianguke motoni haikuwa na kazi tena; gunzi la hindi halipenyi ufa.

Wamisionari waliiona sherehe kama upagani. Willis Hotchkiss, Mkweka kutoka Marekani, alianzisha misheni karibu na Lumbwa katika mwongo wa kwanza wa karne. Mwaka 1935 World Gospel Mission ilianza kazi Tenwek, juu ya mto Nyangores, mahali ambapo leo pana hospitali kubwa ya Bomet. Waongofu walifundishwa kuacha mabwaita, pombe ya wimbi na kutema mate kuelekea jua. Lakini kanisa lilikuwa na Krismasi, na Krismasi iliangukia katika majira ya nafaka mpya, kabla ya kiangazi. Watu walichinja, wakala pamoja, wakavaa nguo mpya. Mwezi uliobeba jina la sherehe ya pili ukapata sherehe nyingine, na hakuna aliyelazimika kubadilisha jina la mwezi.

Ajabu ya historia hii ni kwamba chai yenyewe ilitoka kwenye nchi jirani na watu wanaoijua vizuri sherehe ya mavuno. Mwaka 1823 Mskoti Robert Bruce alionyeshwa na chifu wa Kisingpho, huko Assam, miti ya chai iliyokuwa ikimea porini. Kutoka huko aina ya Assam ilienea Afrika Mashariki, na ndiyo inayofunika vilima vya Kericho hadi leo. Mashariki ya mashamba ya Assam inapanda milima ya Wanaga, ambao kwa karne nyingi wamelima mpunga kwenye miteremko. Walotha wa wilaya ya Wokha, moja ya jamii za Naga, husherehekea Tokhu Emong mwanzoni mwa Novemba, mpunga ukishaingia ghalani. Kwa desturi, kuhani na wasaidizi wake walipita nyumba kwa nyumba wakipokea mchele mkononi kwa kila familia, na mgeni aliyekutwa kijijini sherehe ikianza alitakiwa aondoke kabla ya jua kutua au abaki hadi mwisho. Wanaga nao walipokea Ukristo, wengi wao Ubatisti. Lakini mpunga ulibaki. Mpunga una siku ya kwisha, na sherehe ikapata mahali pa kusimama.

Kuna jambo jingine. Katika Assam, mchai hupumzika majira ya baridi. Kuanzia Desemba hadi Februari miti hukatwa, viwanda hupunguza moto, wachumaji huvuta pumzi. Mti uleule ulipoletwa kwenye ikweta ulipoteza mapumziko yake. Kericho mti hauna baridi ya kuulaza. Wakipsigis walipewa mmea ambao hata nyumbani kwake una mwisho wa mwaka, wakaupanda mahali ambapo hauna.

Baada ya mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika kulima mazao ya biashara kwa wingi, Wakipsigis waliingia katika chai kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 1964 iliundwa KTDA, mamlaka ya wakulima wadogo wa chai, na viwanda vikajengwa kandokando ya mpaka wa mashamba makubwa. Yule aliyeona aibu kubeba kikapu cha kampuni akabeba chake. Kila wiki majani hupelekwa kwenye kituo cha kuuzia, yanapimwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, na mwisho wa mwezi fedha kidogo zinalipwa. Hesabu za mwaka hufungwa Juni. Na karibu Oktoba hulipwa sehemu ya pili, ile ambayo kila mtu katika nchi ya chai huiita bonasi.

Siku hizo barabara za Litein, Kapkatet na Bomet hujaa. Karo ya shule hulipwa, mabati hununuliwa, ng'ombe wa mahari hutafutwa, madeni ya dukani hufutwa au huongezwa. Ukitaka kuona mwaka wa mkulima wa chai unafungwa, ni hapo. Na ugomvi wa mwaka pia ni hapo: kwa miaka ya karibuni wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika hadharani kwamba kilo yao hulipwa pungufu kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde hilo, na mwezi wa bonasi umegeuka mwezi wa maandamano. Bonasi imechukua nafasi ya Kipsunde katika kalenda bila kuchukua kazi yake. Huingia kwenye simu au akaunti ya mtu mmoja, mara nyingi baba aliyesajiliwa, wala si mama aliyechuma. Haipakwi ukutani. Walioondoka hawaonji.

Mwezi Septemba mwaka 2011, huko Longisa, Bomet, wakulima waliona mahindi yao yanakauka kuanzia majani ya juu, na magunzi yanatoka matupu. Wataalamu waliita ugonjwa huo mnyauko hatari wa mahindi, unaoletwa na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuthibitishwa Kenya, na kutoka hapo ulienea hadi nchi jirani. Wakulima walishauriwa wapumzishe mahindi na kupanda mazao mengine, wimbi likiwa mojawapo. Bibi wa zamani waliitwa kueleza jinsi ya kupalilia na kukata masuke, kazi ambayo wajukuu waliisikia tu. Zao lililofukuzwa kwa uzito wa kazi yake lilirudi kwa sababu halikufa.

Nalo linazidi kutafutwa. Uji wa wimbi huuzwa mijini kama chakula cha afya. Vijana wanaoingia jandoni mwezi wa Novemba na Desemba, wakati shule zimefungwa, bado hukaa menjo, nyumba ya kujitenga, kama zamani vijana walivyoingia baada ya mavuno, chakula kilipokuwa kingi. Wanapotoka, mabwaita husimamishwa kwa muda tena katika baadhi ya maboma, na mursik, maziwa ya mgando, hutiwa kutoka kwenye sotet, kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu. Kipande kimoja cha sherehe ya zamani kimejificha ndani ya likizo ya shule.

Kapkoros, mahali ambapo moshi ulipanda kwa Asis, sasa ni jina la vijiji na la kiwanda cha chai katika Bomet. Moshi bado unapanda hapo, kutoka kwenye dohani inayokausha majani, mchana na usiku, miezi yote kumi na miwili.

Mwanamke wa Kipsunde ya pili alirudi nyumbani na kokoto mbili, ya maji na ya nafaka. Hazikununua kitu wala kushibisha mtu. Kazi yake ilikuwa kukaa. Kila alipotumbukiza kata mtungini kwa mwaka mzima, mkono wake ulisikia jiwe chini, na akajua kwamba siku ile bado inangojwa. Nyangores bado unapita chini ya Tenwek, kati ya mashamba ya chai, na kokoto zake hazijapungua.